Mistari Mitano ya Mzee Waya

Mwanamke huyu alikuwa mwoga, na kabla hamjanikunjia uso, jueni simtukani. Aliogopa mbwa, hata wale vikongwe wanaoshinda wamelala kivulini wakikoroma. Aliogopa lifti, akapanda ngazi ghorofa tano akihema. Simu ikilia ghafla aliitazama kwanza kabla ya kuigusa, na pikipiki ndiyo usiseme kabisa. Kazini walimpa jina la Bi Taratibu, likamganda, mpaka mkurugenzi akawa analitumia vikaoni na mwenyewe anaitika bila kinyongo.

Sasa mtu wa namna hiyo mtampa kazi gani? Mimi ningempa ileile aliyokuwa nayo. Alikuwa akisanifu saketi za umeme katika karakana ya watu kumi na wawili, juu ya duka la matairi, harufu ya mpira ikipanda na kushuka nao ngazi. Saketi yoyote, kabla haijatengenezwa, aliijaribu ndani ya kompyuta kwa programu inayoiga umeme. Unachora waya, koili na transista, unabonyeza, na programu inakuonyesha volti zitakavyopanda na kushuka. Hapo hakuna kinachoungua wala anayerushwa na shoti, na kwa mwoga hiyo ni raha iliyoje. Mama mkwe wake alikuwa akimtania kwamba ndiye fundi pekee wa umeme duniani anayeuogopa umeme, naye hujibu kwamba wasiouogopa wote wameshazikwa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Walicheka wote wawili, wakaendelea kuchambua mchele.

Mama mkwe huyo ndiye aliyeianzisha safari yote hii, japo hakuomba. Alikuwa amepikia jiko la kuni la shule miaka thelathini, na moshi ulimlipa kwa kumla mapafu. Sasa alishinda kwenye kiti karibu na dirisha, mrija puani, na kando yake mashine ya oksijeni ikinguruma mchana kutwa. Mashine ile ilitegemea umeme, na umeme wa mtaa wao mnaujua ulivyo, unaondoka bila kuaga. Ukikatika lazima mtu akimbilie mtungi wa akiba na kufungua valvu. Siku moja Bi Taratibu alitoka sokoni akamkuta mama ameshika valvu kwa mikono miwili, imemshinda nguvu, midomo imekuwa rangi ya majivu. Aliifungua yeye. Mama akapona. Lakini tangu siku ile, akisikia feni inapunguza mwendo tu, moyo unampaa.

Ndipo akabuni kifaa chake. Kilikuwa kijisanduku cha ukubwa wa tofali, kina betri nyuma yake na taa ya kijani mbele. Umeme ukikatika, transista ndani yake inaiunganisha betri na mashine papo hapo, bila mkono wa mtu. Umeme ukirudi, transista inaikata betri na mambo yanaendelea. Mkurugenzi alipoona michoro alisema kitu kama hiki kinatakiwa kila zahanati. Wakakubaliana watengeneze sita kwanza, vitano viende zahanati tano, na cha sita kiende kwa mama.

Wiki ya mwisho kabla ya kupeleka michoro kwenye kiwanda cha bodi, programu ikagoma. Uigaji ulitembea vizuri mpaka ule muda transista inapoikata betri, hapo unasimama, na maandishi mekundu yanatokea kwamba hatua ya muda imekuwa ndogo mno na majibu hayakubaliani.

Ngoja niwaeleze, maana naona wengine mmeshaanza kupiga miayo. Programu ya aina hii haiuoni muda wote kwa mkupuo. Inatembea hatua kwa hatua, kama mtu anayevuka chumba chenye giza. Sakafu ikiwa tambarare inarefusha hatua. Ikihisi mteremko inafupisha, inapapasa kwa kidole cha mguu. Katika kila hatua inakisia jibu, inalihakiki, inakisia tena, mpaka makisio yakubaliane. Yasipokubaliana inarudi nyuma na kujaribu hatua fupi zaidi, nusu, robo, mpaka vipande vya sekunde visivyo na jina la kutamkika. Ikifika hapo na bado inaona shimo, inasimama na kukwambia wazi kwamba haiendi. Kwa kifupi, programu nayo ni mwoga, na siku ile ilikuwa na sababu.

Bi Taratibu alihangaika nayo siku tatu, akipunguza hiki na kuongeza kile. Mkurugenzi si mtu mbaya, ila ana pupa, na alikuwa akipita mlangoni kila saa kuuliza kama imekubali. Nafasi yao kiwandani ilikuwa inaisha Ijumaa. Wakiikosa, wangengoja miezi miwili, na kwake miezi miwili ilikuwa na maana moja tu, mama na ile valvu. Basi Alhamisi alasiri akafanya jambo ambalo kila mtu pale karakanani alikuwa akilifanya. Akabandika mistari mitano ya Mzee Waya.

Mzee Waya alikuwa fundi mkuu wa kwanza wa pale, sasa amestaafu, anafuga kuku. Aliacha mistari mitano ya maagizo ambayo ukiibandika chini ya faili iliyogoma, faili inakubali. Waliiita dawa. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi, ikatundikwa ukutani karibu na swichi ya feni. Mgeni akiajiriwa alionyeshwa choo kilipo, birika lilipo, na mistari ya Mzee Waya ilipo. Kila mstari unafanya nini, hakuna aliyejua. Ukiuliza unaambiwa, we bandika tu. Na wasomi wazima, wenye vyeti vya kutundika ukutani, walikuwa wakibandika.

Akabandika, akabonyeza. Mstari wa volti ukavuka skrini yote bila kukwama, ukapinda taratibu pale pa kupinda, haukuzidi volti thelathini. Transista aliyoichagua inabeba sitini. Mkurugenzi aliuona akapiga makofi, na Bi Taratibu akashusha pumzi ya siku tatu. Maisha yake yote aliogopa visivyo na maana, jamani, na siku ilipokuja yenye maana akafurahi. Ijumaa michoro ikaenda. Baada ya wiki chache bodi zikarudi, vifaa vikaunganishwa, vikajaribiwa mara tatu tatu juu ya meza, vikafanya kazi. Vitano vikapelekwa zahanati, na cha sita akakibeba mwenyewe kwenye kikapu hadi kwa mama.

Nyumbani kikawa kama mtoto mpya. Umeme ukikatika au ukirudi, kinatoa mlio mdogo, tiki, na mashine inaendelea kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea. Mama alikuwa akiwaita majirani waje waone. Zahanati nazo zilituma ujumbe kila Ijumaa, kinafanya kazi vizuri, kinafanya kazi vizuri, na mkurugenzi akazibandika jumbe hizo ubaoni zote.

Siku ya kumi na sita, Alhamisi, mkurugenzi alimwomba picha. Alitaka kutengeneza vingine hamsini, na kwenye ripoti alitaka kuonyesha volti zinavyotulia pale betri inapokatwa. Bi Taratibu akafungua faili, akavuta ile sehemu ionekane kubwa. Akavuta tena. Mstari uliokuwa laini kwa mbali, kwa karibu ulikuwa vitone vitatu vilivyounganishwa kwa rula. Kitone kimoja kabla ya kukata, kimoja baada, na kimoja mbali huko. Kati ya cha kwanza na cha pili programu haikukanyaga. Iliruka.

Alijiambia pengine si kitu. Mtu mwenye hofu ana njia zake za kujibembeleza, na yeye alizijua zote, lakini safari hii hakuna iliyomfaa. Akafungua kitabu cha maelezo ya programu na kufanya ambalo hakuna aliyewahi kulifanya pale tangu Mzee Waya aondoke, akausoma kila mstari unasema nini. Wa kwanza uliiambia programu ikubali majibu ya kukadiria. Wa pili uliiruhusu irefushe hatua hata pasipofaa. Wa tatu, alipousoma, aliurudia mara mbili huku kidole kikiwa juu ya neno. Ulikuwa unatundika kapasita ndogo, yaani vihifadhi vya chaji, kwenye kila kiungo cha saketi, zisizoonekana kwenye mchoro. Hizo kapasita ndizo zilizokuwa zikiumeza mshindo wote wa volti unaoruka betri inapokatwa ghafla. Na kwenye bodi halisi, zilizoko zahanati na kwa mama, kapasita hizo hazikuwepo. Mistari miwili iliyobaki iliongeza tu idadi ya majaribio.

Mzee Waya hakuwa na kosa, tusije tukamsingizia mzee wa watu. Yeye alikuwa akisanifu chaja za tochi, na kwenye chaja ya tochi kapasita zile ni kijiko cha maji ndani ya pipa. Kosa ni la waliokuja baadaye, walioichukua dawa ya mtu wakampa kila mgonjwa.

Akaifuta mistari yote mitano. Programu ikagoma palepale kama zamani. Safari hii hakutafuta kuinyamazisha, aliiuliza inaogopa nini. Akaupitia mchoro wake mwenyewe na kuona aibu. Alikuwa amechora swichi inayokata bila kuchukua muda wowote, kebo ya betri isiyo na ukinzani, transista isiyo na kapasita yake ya ndani. Vitu vya peponi hivyo, duniani havipo, na programu ilipoulizwa habari zake ikakosa jibu. Alikwenda stoo, akachukua kebo yenyewe, mita moja na nusu, akaipima. Akaandika ukinzani wake, akaandika ukoili wake, maana waya mrefu ni koili hata kama haujaviringishwa. Transista akaiandika kama mtengenezaji anavyoieleza. Kisha akabonyeza.

Ikatembea yenyewe, bila dawa. Ilipofika pale pa kukata ikapunguza mwendo, ikatambaa kwa vihatua vidogo vidogo, mamia kwa mamia, na kwa vitone vile ikachora kilele chembamba kilichosimama wima. Akasoma kimo chake. Volti tisini na saba, kwenye transista ya sitini.

Transista haifi kwa pigo moja. Kila umeme unaporudi na betri kukatwa, inapigwa, inavumilia, inachoka kidogo. Inaweza kuvumilia mara kumi, inaweza mara arobaini, kisha siku moja inapasuka. Na ubaya wenyewe uko hapa. Inapopasuka, umeme umeshakuwa umerudi. Mashine inanguruma, taa ya kijani inawaka, na hakuna ajuaye kwamba ndani mna maiti. Utajua umeme utakapokatika tena.

Wakati huohuo feni ikasimama, na kompyuta ikazima mbele yake. Umeme ulikuwa umekatika, na nyumbani kwake ni laini hiyohiyo.

Alipiga simu nyumbani ikaita mpaka ikakata. Mumewe, mpima ardhi, alikuwa kazini mbali wiki ile nzima. Mama alikuwa peke yake. Akapiga tena huku anashuka ngazi, hakuaga mtu, hakuchukua mkoba, na alipofika chini, mbele ya yale matairi, Bi Taratibu akapanda pikipiki. Naam, yeye. Alimkumbatia dereva asiyemjua, akafumba macho, akawa anamwambia aongeze mwendo. Njia nzima alikuwa akihesabu. Siku kumi na sita, umeme hukatika mara mbili, siku nyingine mara tatu. Mapigo thelathini na kitu, labda arobaini. Hakujua hesabu ya kikomo, na kutojua kwenyewe ndiko kulikokuwa kukimtafuna.

Kufika mlangoni akasimama. Ufunguo alikuwa nao mkononi, na hakuweza kuuingiza. Aliogopa kufungua, kwa sababu akishafungua atajua. Akabandika sikio kwenye ubao wa mlango. Mwanzo alisikia mapigo ya moyo wake tu. Kisha, kwa mbali, akausikia mngurumo. Akafungua.

Mama alikuwa kitini, mrija puani, miwani puani, anapunguza shela iliyokuwa ndefu. Simu ilikuwa jikoni. Alimtazama mkwewe aliyejaa vumbi, kiatu kimoja hakina kisigino, akamuuliza amefukuzwa na mbwa gani leo. Bi Taratibu alienda moja kwa moja kwenye mtungi, akaifungua ile valvu kwa nguvu zake zote, akahamisha mrija. Mkono wake ulikuwa bado kwenye valvu umeme uliporudi. Kifaa kikasema tiki. Taa ya kijani ikawaka, nzuri, imetulia, na yeye akaitazama kama mtu anayetazamana na nyoka. Ilikuwa haiwezi kumwambia kama transista ndani ni nzima au imekufa sekunde ile.

Akaketi sakafuni miguuni pa mama, akaanza kulia, kisha akamweleza yote. Hakuficha mistari, wala vitone vitatu, wala makofi ya mkurugenzi. Alisema amemwekea kifo kando ya kiti siku kumi na sita akidhani ni zawadi. Alisema akilisema hili kazini watamfukuza, na akitoka pale hakuna atakayempa kazi tena, na haki yao. Mama alisikiliza huku shela imelala magotini. Mwanamke yule alikuwa mwepesi wa utani, lakini safari hii hakutania.

"Mimi umenijia mbio," akasema. "Hao watano, nani anawakimbilia?"

Bi Taratibu akafuta uso kwa kanga. Jirani akaitwa aje akae na mama karibu na mtungi. Kifaa kikachomolewa, kikarudi kazini kwenye kikapu kilekile kilichokileta.

Mkurugenzi alimsikiliza amesimama, mikono kiunoni. Alisema picha ya kompyuta ni picha tu. Alimwonyesha ubao. Jumbe kumi kutoka zahanati tano, zote zinasema vizuri, na leo hii hii kifaa cha nyumbani kwake kimeshika, sivyo? Akasema, kwa upole, kwamba wanaomfahamu wanafahamu alivyo, na hofu yake isije ikalizika jambo jema lenye faida kwa watu. Wenzake waliinamisha vichwa juu ya meza zao. Hapo ndipo kwa kawaida yake angesema sawa bosi, akarudi kukaa. Hakusema sawa. Aliweka kifaa juu ya meza, akafunga taa kubwa mahali pa mashine ya oksijeni, akamwambia mkurugenzi achomoe plagi mwenyewe, na achomeke, na achomoe.

Mkurugenzi akachomoa. Taa ikabaki inawaka kwa betri. Akachomeka, akachomoa tena, ikawaka. Mara ya tano akaanza kutabasamu. Mara ya nane, alipochomeka, kukasikika mlio mdogo, pa, mdogo kuliko punje ya mahindi inayopasuka kwenye kikaango. Taa kubwa inawaka kwa umeme, taa ya kijani inawaka.

"Si unaona, kiko hai," mkurugenzi akasema.

"Chomoa tena, bosi."

Akachomoa. Taa kubwa ikazimika, ikabaki imezimika. Mkurugenzi akabaki ameshika plagi, akitazama ile taa. Alivuta kiti akaketi. Kisha akasema zipigiwe simu zahanati zote sasa hivi, na mtu mwingine angeweza kupiga, lakini Bi Taratibu akasema atapiga mwenyewe.

Zahanati ya kwanza walisema taa ya kijani inawaka. Aliwaambia taa si kitu, wamhamishie mgonjwa kwenye mtungi, wakichomoe, wasikirudishe. Wakafanya huku anasikia. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu walikuwa wamekiweka kwenye jokofu la chanjo badala ya mgonjwa, akawaambia nako wakitoe. Ya nne muuguzi alibisha kidogo, kisha akatii. Kila alipokata simu alivuta alama kwenye karatasi, na wenzake wakawa wamesogea wamemzunguka.

Ya tano iliita bila kupokewa. Akarudia, ikaita mpaka mwisho. Mara ya tatu ikapokelewa na mwanamke, muuguzi, sauti ya chini. Bi Taratibu akauliza kifaa kinaendeleaje.

"Kinafanya kazi vizuri," muuguzi akasema.

Akamuuliza umeme ulikatika lini mara ya mwisho, na je, kilishika? Muuguzi akanyamaza. Watu wengine wangedhani mtandao umepotea. Bi Taratibu alikaa na hofu tangu utotoni, anaijua hata pumzi yake, na aliisikia kwenye simu ile waziwazi. Basi hakumwuliza tena. Alisema kwanza lake. Mbele ya mkurugenzi na karakana nzima alimwambia kwamba kifaa kile kina kosa, kwamba kosa lilikuwamo kabla hakijatoka karakanani, na kwamba aliyekosea ni yeye anayeongea.

Kisha yule mwanamke akaanza kusema, haraka, kama aliyekuwa akingoja mlango ufunguliwe. Kilizima Jumanne ya wiki iliyopita. Asubuhi yake alikuwa amekifuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Umeme ulipokatika hakikushika, na mtungi ulikuwa umepelekwa kujazwa, waliupeleka kwa kuwa kifaa kipo. Alijua ni kile kitambaa. Alikificha kabatini, na Ijumaa akatuma ujumbe kwamba kinafanya kazi.

Bi Taratibu alikuwa na swali moja, na kwa mara ya mwisho siku ile aliogopa jibu. Akauliza.

"Na mgonjwa?"

"Alikuwa bibi mmoja. Hakufika jioni," muuguzi akasema. "Injinia, siku tisa silali. Nimemuua mimi kwa kitambaa."

Mkurugenzi alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia, akageuka akatazama ukuta. Bi Taratibu alikuwa ameshika meza kwa mkono mmoja.

"Si wewe, dada. Sikiliza. Maji ya kitambaa hayafiki ndani," akasema. "Kitoe kabatini, usikiogope. Si wewe. Ni mimi."

Yule mwanamke akaanza kulia, kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Bi Taratibu hakukata simu. Alikaa nayo sikioni akimsikiliza mpaka alipomaliza, kisha akamwuliza jina la yule bibi na nyumbani kwake ni wapi, akaandika kwenye karatasi.